Picha ya familia: kumlipa mpiga picha au kupiga wenyewe kwa simu?

Sikukuu ikikaribia, mjadala huu hufufuka kwenye makundi ya WhatsApp ya familia nyingi za Unguja na Pemba. Kaka aliyeko Muscat anataka picha moja ya maana, ya kutia fremu, na yuko tayari kuchangia. Dada wa Wete anasema simu yake ina kamera tatu nyuma, sasa pesa ya mpiga picha ya nini? Mama hasemi kitu, mpaka mwisho anauliza kama nguo zitashonwa sare.

Wote wana haki, ila kila mmoja ana picha yake kichwani. Msimamo wangu niutangulize. Picha inayotaka watu wote wawemo, wazee kwa watoto, na itakayokaa ukutani miaka na miaka, mlipieni mtu wa kazi. Picha nyengine zote, za jikoni, za watoto uwanjani, za asubuhi ya Sikukuu kabla hamjatoka, simu yenu itazipiga vizuri kuliko mgeni yeyote. Na kama pesa iliyopo inatosha jambo moja tu, msilipie kupigwa. Lipieni kusafishiwa, yaani kutolewa picha kwenye karatasi.

Anayeshika simu hayumo

Fungua picha za mwaka mzima kwenye simu ya nyumbani kwako utazame nani hayupo. Mara nyingi ni mama, au yule dada mwenye simu nzuri. Yumo kama kivuli tu, kimelala mchangani mbele ya wenziwe. Kwenye selfi yumo, lakini yumo mno: uso wake umekula nusu ya picha, na babu yuko nyuma kabisa, kichwa ukubwa wa ndimu.

Mpiga picha wa kulipwa huondoa tatizo hilo kwa kuwapo tu. Lakini kuna jengine analoleta ambalo watu hawalihesabu kwenye bei, nalo ni sauti ya mtu baki. Familia zetu zina ngazi zake. Mdogo hamwambii ami yake asogee, na mke hamwambii mama mkwe anyooshe mtandio. Nilimtazama kijana mmoja aliyeitwa kwenye nyumba moja Chake Chake, Sikukuu ya tatu, ukumbi umejaa watu. Alivua viatu mlangoni akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wa nyumba.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Unanitaka nikae wapi?”

“Hapo hapo kwenye kiti chako, bibi. Wao ndio watakaokufuata.”

Akawapanga wote kumzunguka yeye: watoto wake ubavuni, wakwe nyuma, wajukuu mkekani miguuni pake. Ami mmoja aliyekwisha jiweka katikati, mikono kifuani, aliombwa ahamie nyuma kwa sababu ya urefu wake, akahama bila neno. Ombi lile lile lingetoka kwa mpwa wake lingezaa mjadala mpaka adhuhuri. Kazi yote, pamoja na chai, haikufika saa nzima.

Mkitaka kuyapata hayo kwa simu, mteueni mmoja wa kuamrisha, na awe mtu mzima anayesikilizwa, asiwe kijana mwenye simu. Kila simu ina saa ya kuhesabu kabla ya kupiga, aghalabu sekunde 3 au 10. Stendi ndogo za simu zinapatikana madukani kwa bei nafuu. Pasipo stendi, kizingiti cha dirisha kinatosha. Pigeni picha nyingi mfululizo bila kuwaambia watu watawanyike, maana kwenye watu ishirini hakosekani aliyefumba macho. Mpiga picha naye hufanya hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye akirudi kwake anaweza kuchukua uso wa picha ya nne akaupachika kwenye ya saba, na hamtajua.

Kanzu nyeupe, buibui jeusi

Hapa ndipo simu inapopata shida zaidi kwetu. Kamera yoyote hukisia mwanga kwa kuchukulia kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote pamoja, ni kijivu cha wastani. Wapange wanaume kumi wenye kanzu nyeupe juani: kamera itadhani mwanga umezidi, itaupunguza, na nyuso zitatoka giza. Wapange wanawake wenye mabuibui: itaongeza mwanga, nyuso zipauke. Wachanganye, kama ilivyo familia yoyote siku ya Sikukuu, na hapo inabidi ichague nani apotee. Simu mpya hutambua nyuso, na hupiga picha kadhaa kwa mpigo kisha kuziunganisha, kwa hiyo mambo si mabaya kama zamani. Hata hivyo, kofia ya viua aliyoishonea mtu miezi, jua kali likiipiga, hutoka weupe mtupu na vitobo vyake vyote vimepotea.

Mpiga picha anayeijua kazi yake hulimaliza jambo hili kabla hajaigusa kamera, kwa kuchagua mahali. Huwatoa watu juani, huwageuza, huongeza fleshi kidogo ya kuinua nyuso. Pia hupiga faili ghafi, ambayo huhifadhi weupe na weusi mwingi kuliko picha ya kawaida ya simu, na baadaye akaurudisha ule mdarizi wa kanzu ambao jicho lilikuwa haliuoni. Ukitaka kumjua mpiga picha wa kweli usiulize kamera yake ni ya aina gani. Muombe akuoneshe picha ya familia yenye kanzu na mabuibui pamoja, iliyopigwa mchana. Picha za bwana harusi peke yake machweo kila mtu anazo.

Mnaopiga wenyewe mna nyenzo moja ya bure, nayo ni upenu wa nyumba. Watu wakikaa kwenye kivuli cha upenu au barazani na kutazama nje kwenye mwanga, nyuso hupata mwanga laini usiokunjisha macho. Upenu upi? Visiwa vyetu viko takriban nyuzi 5 na 6 kusini mwa ikweta. Tangu mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kusini, ule unaobaki nyuma yako ukisimama kusali ndani, huwa kivulini mchana kutwa. Desemba na Januari mambo hugeuka, na ukuta wa upande wa kibla ndio wenye kivuli. Kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe hata hesabu hiyo huihitaji, kivuli kipo karibu wakati wote, na mlango wa kuchonga ukiwa nyuma yenu pazia la studio la nini.

Kisha gusa uso wa mtu mmoja kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole mpaka alama ijifunge, uteremshe mwanga kidogo tu. Huu mchezo wa sekunde mbili hufanya kazi kubwa kuliko kununua simu mpya.

Kuna na suala la lenzi. Kamera kuu ya simu ni pana, ndiyo maana inawatosha wote hata chumba kikiwa kidogo. Lakini lenzi pana huwavuta walio pembeni. Shangazi aliyesimama mwisho wa mstari hutoka mnene kuliko alivyo, na hatawasamehe. Rudi nyuma hatua kadhaa, bonyeza 2x, uache nafasi kila upande. Ile kamera ya pembe pana zaidi, yenye alama ya 0.5, usiiguse kabisa kwa picha ya watu.

Pwani, na hesabu ya maji

Siku hizi ukisema picha ya familia, vijana wanaona nguo nyeupe na machweo Kendwa. Sina ugomvi nazo, baadhi ni nzuri mno, na hapa mtaalamu humshinda mwenye simu kwa mbali, kwa sababu kumpiga mtu anayelipa jua mgongo ni kazi. Simu huchagua moja: ama jua zuri na watu vivuli, ama watu na mbingu nyeupe.

Lakini pwani ina masharti yake, na mpiga picha asiyewatajia masharti hayo kabla ya kupokea malipo ya awali simwamini. Nungwi, Kendwa na ufukwe wa mjini hutazama machweo. Paje, Jambiani na Bwejuu hutazama mashariki, jua huzama nyuma ya minazi na ufukwe huingia kivuli mapema; huko pazuri ni alfajiri ikipambazuka, na Vumawimbi kule Pemba vivyo hivyo. Halafu maji. Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, zikipamba, tofauti ya kujaa na kupwa hufika karibu mita 4, na pwani ya mashariki bahari huondoka mpaka wakulima wa mwani wanaonekana wadogo kwa mbali. Sikukuu ya Mfunguo Mosi, ya kumaliza Ramadhani, huangukia mwezi mwandamo, kwa hiyo daima iko kwenye bamvua: asubuhi kiasi cha saa nne au tano maji yamepwa, alasiri yanajaa. Sikukuu ya Mfunguo Tatu, ya kuchinja, ni tarehe kumi ya mwezi wake, na alasiri yake aghalabu maji yamekwenda. Aliyezaliwa pwani hahitaji kuambiwa haya, ila wanaopanga picha kutoka Muscat au London husahau.

Upepo nao. Kusi likivuma Julai, mtandio wa bibi harusi huruka vizuri sana kwenye picha. Mtandio wa bibi wa miaka themanini hauruki vizuri, unamsumbua tu. Na magoti yake hayapendi mchanga. Nimeona familia ikimbeba mzee kwa kiti cha plastiki mpaka ukingoni mwa maji ili picha ifanane na waliyoiona Instagram, na uso wa mzee kwenye picha ile unaeleza yote. Mkiwa na mzee, picha ifuate mzee alipo.

Muda mzuri wa jioni ni baina ya alasiri na magharibi. Si mrefu. Jua letu huzama karibu na saa kumi na mbili na robo wakati wa kusi, na karibu na saa moja kasorobo mwezi wa Februari, na familia inataka iwahi sala. Mkimwita mpiga picha saa kumi na moja na nusu na ami wa Fuoni bado yuko kwenye daladala, mmelipia saa moja mkapata dakika kumi.

Studio ya ndani

Watu wameisahau njia hii ya katikati. Studio mtaani, ile unayokwenda kwa picha za paspoti, mara nyingi ina chumba chenye pazia, taa mbili na kiyoyozi. Familia ya watu watano au sita inaenea. Hakuna upepo, hakuna jua, hakuna wapita njia wanaosimama kutazama, na bei yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya kumtoa mtu mzima mzima siku ya Sikukuu. Ubaya wake ni kwamba picha zote za studio zinafanana, na ukipewa pazia lenye maporomoko ya maji ya Uswisi utakuwa nalo ukutani milele. Omba pazia la rangi moja, lililo tulivu. Na uliza ngazi: studio ya ghorofani haimfai asiyepanda.

Zanzibar haikuanza jana kwenye kazi hii. A.C. Gomes alikuwa na studio Mji Mkongwe tangu karne ya 19, na Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilikuja kurithiwa na mwanawe Rohit pale barabara ya Kenyatta. Ukizitazama picha za watu za enzi hizo utaona jambo ambalo simu haijalifundisha tena: watu walikaa. Waliijua gharama yake, wakavaa, wakatulia, wakaitazama kamera. Wengi wetu sura ya babu wa babu tunaijua kwa picha moja tu ya namna hiyo, na hiyo moja imetosha.

Nani ataziona

Kwa familia nyingi za hapa, hili ndilo linaloamua, kabla hata ya bei. Binti hataki picha zake za ndani, nywele wazi na nguo za nyumbani, ziwe kwenye kompyuta ya kijana asiyemjua. Ni haki yake, na mpiga picha mzuri haoni ajabu akiambiwa hivyo. Wapo wapiga picha wanawake Unguja na Pemba, wengi wameanzia kwenye maharusi, na kwa picha za wanawake peke yao wao ndio wa kuitwa. Picha ya pamoja, watu wakiwa wamesitirika, inaweza kupigwa na yeyote.

Kabla ya siku yenyewe elewaneni mambo mawili kwa maandishi, hata ujumbe wa WhatsApp unatosha: picha haziwekwi kwenye ukurasa wake wa matangazo bila ruhusa yenu, na faili zake atazifuta baada ya muda mliokubaliana, mkiwa mmekwisha kukabidhiwa zenu. Familia moja ya jamaa zangu walikuta picha ya dada zao kwenye bango la studio, kubwa, mbele ya njia kuu. Hakuna aliyewauliza. Liliondolewa, ila mtaa ulikuwa umekwisha kuliona.

Msidhani basi kwamba simu ya nyumbani ndiyo salama. Mpwa wa miaka kumi na sita mwenye kuweka kila kitu status ni hatari kuliko mpiga picha yeyote aliyesaini makubaliano. Kwa upande huu naona simu na mpiga picha sare sare, na kinachotofautisha ni kama mlizungumza kabla au hamkuzungumza.

Kuna pia nyumba ambazo hazitundiki picha za watu ukutani kwa sababu za dini. Kwao picha kubwa ya kulipia haina mahali pa kukaa, na albamu nzuri iliyofungwa kabatini inafaa zaidi. Hapo simu na karatasi ndogo zinatosha kabisa.

Bei, kwa mkato

Sitataja viwango, maana vinatofautiana mno baina ya mjini, pwani za hoteli na Pemba, na baina ya mwezi wa kawaida na wiki ya Sikukuu. Ulizeni tu bei inahesabiwaje. Wengine hutoza kwa saa, wengine kwa picha, wengine kwa fungu lenye fremu ndani yake. Bei ya saa ni nzuri kwa familia inayojua kujipanga. Kwa familia ya kuchelewa, yaani nyingi, bei ya picha ni nafuu zaidi. Ulizeni mtapewa picha ngapi zilizokwisha kurekebishwa rangi, mtapewa faili zenye ukubwa kamili au zilizopunguzwa, na usafiri ni juu ya nani. Mpiga picha wa hoteli za kaskazini huwa na bei ya mgeni na bei ya mwenyeji. Si vibaya kumkumbusha kwamba nyinyi ni wa hapa.

Mwambieni pia mapema asiwang'arishe. Kuna tabia ya kuzichubua picha, ngozi ikawa nyeupe na laini kama nailoni, na simu nazo zina kitufe cha urembo kinachofanya hayo bila kuulizwa. Kizimeni. Bibi ana makunyanzi, na wajukuu watakaomtafuta bibi kwenye picha ile wanamtaka huyo mwenye makunyanzi.

Karatasi ndiyo picha

Zamani mkanda ulikuwa na picha 24 au 36, na kila iliyopigwa ilisafishwa, hata iliyokata vichwa. Leo nyumba ina maelfu ya picha na hakuna hata moja ya kumshikisha mtoto mkononi. Simu ikianguka baharini kwenye boti ya Pemba, ndiyo basi. Status hufutika baada ya saa 24. Picha za mpiga picha nazo, zikibaki kwenye flashi ndani ya droo, hazina tofauti na hizo.

Kiufundi simu inatosha zaidi ya watu wanavyodhani. Picha ya sentimita 10 kwa 15 inahitaji kama pikseli 1,200 kwa 1,800 ili itoke safi. Ya sentimita 20 kwa 30 inahitaji kama 2,400 kwa 3,600, na simu ya megapikseli 12 hupiga 4,000 kwa 3,000. Kwa hiyo picha ya simu iliyopigwa kwenye kivuli kizuri inaweza kutiwa fremu bila aibu. Kinachoiua ni njia inayopita. Ukiituma WhatsApp kwa kawaida, mara nyingi upande mrefu hubaki na pikseli zipatazo 1,600: ndogo itatoka sawa, kubwa itatoka na ukungu, kisha watu waseme simu mbaya. Itume kama dokumenti, au peleka simu yenyewe studio. Ukubwa wa kutundika, kuanzia sentimita 40 na kwenda juu, na watu zaidi ya kumi ndani yake, hapo faili ya kamera ya mpiga picha inaonesha thamani yake: ukisogea karibu unasoma nyuso za mstari wa nyuma.

Na hali ya hewa yetu haina huruma na karatasi. Nyumba za mawe na chokaa hushika unyevu, na fremu iliyobanwa kwenye ukuta wa namna hiyo hufanya ukungu kwa nyuma. Picha inayogusa kioo moja kwa moja huganda nacho. Siku ya kuitoa inabanduka na sura za watu. Dai iwekwe kadi yenye dirisha baina ya picha na kioo, na vipande vidogo vya mpira nyuma ya fremu ili hewa ipite. Zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu, zilizojaa kwenye makabati ya mama zetu, zitoeni picha zake pole pole kabla hazijashikana kabisa, mzitie kwenye albamu za mifuko. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli laini, mwaka na mahali. Mali bila daftari huisha bila habari, na picha za familia ndizo zinazoongoza kwa hilo: kila nyumba ina picha ya mwanamume mwenye kilemba ambaye hakuna aliyebaki anayemjua.

Simu inapomshinda mpiga picha

Nisije nikaonekana napigia debe studio. Picha ninayoipenda kuliko zote kwetu imepigwa na mtoto wa miaka kumi na moja kwa simu ya babake. Bibi amekaa upenuni anasuka ukili, hakutazama kamera, na ule ukili umezunguka miguuni pake kama ulivyokuwa siku zote. Kidole gumba kinaonekana vizuri, kilivyopinda kwa kazi ile ile ya miaka. Mpiga picha angekuja, bibi angekwenda kubadilisha kanga, ukili ungewekwa kando, tungepata bibi mwengine. Mtu baki husaidia watu wasimame, ila hao hao husimama kwa sababu yupo.

Watoto ni hivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitatu hamjui huyu mwenye kamera kubwa, atalia au ataganda. Mwenye simu yuko naye tangu asubuhi anapooshwa na kupakwa wanja, mpaka jioni amelala na viatu vipya miguuni. Mkipiga hivyo mwaka mzima kisha mkachagua ishirini tu za kusafisha kila Mfunguo Mosi, baada ya miaka mitano mtakuwa na albamu ambayo hakuna wa kuwauzia.

Basi mkichagua

Familia changa, mke, mume na mtoto mmoja: msilipe bado. Tumieni upenu na stendi, na pesa iwe ya kusafishia picha. Akika ya mtoto, mkiwa na wageni wengi na wenyewe mmechoka, mwiteni mtu kwa saa moja, kwa sababu siku hiyo hamtakumbuka kushika simu.

Ukoo mzima ukikutana, waliotoka Pemba, Dar na Oman, mwiteni mtaalamu, na msiifanye Sikukuu ya mosi. Siku hiyo kuna sala, kuna kula, kuna kutembeleana, na wapiga picha wazuri wamekwisha kushikwa. Sikukuu ya pili au ya tatu, watu wameshiba na wametulia, ndiyo siku. Mpigieni simu kabla ya kumi la mwisho la Ramadhani, na mumtajie idadi ya watu, maana mstari wa watu arobaini unataka benchi na ngazi ya kupandia.

Mkiwa na mzee anayeumwa, msingoje Sikukuu wala mpiga picha. Muulizeni kama anaridhia, mkalisheni karibu na dirisha, pigeni leo kwa simu mliyo nayo. Mtaalamu akipatikana mwezi ujao, naye aje.